Mikebe Mitupu ya Geti la Tisa

Vijana wangu, Ijumaa mkija kula pilau kwa binti yangu hapa Muaither, kando ya Doha, mnaniuliza swali moja kwa namna nyingi: mzee, miaka yote hiyo Doha ulikuwa unafanya kazi gani hasa? Wengine mnadhani nilikuwa mpishi. Mimi nikipika chai, binti yangu hufungua madirisha. Nilikuwa mtunza stoo na mnunuzi wa jiko la kambi ya wafanyakazi, mpaka magoti yalipogoma. Nimeamua kuandika kwa sababu nyinyi mkishashiba hamsikilizi hadithi inayozidi kikombe kimoja cha chai.

Kwanza mjue kwamba mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Nilianza kuuza vitunguu Kongowea, Mombasa, na pale ukihesabu magunia mara moja, la mwisho si lako. Doha sikuiacha tabia hiyo. Nikipanda metro nahesabu stesheni. Siku ya harusi ya binti yangu nilihesabu viti, nikarudia, vikapungua viwili, na mwenye kuvikodisha alikuwa ameshaapa kwamba vimetimia.

Mambo ya soko nitawapa bure, kwa kuwa mimi sikuyapata bure. Ukienda soko la jumla, usinunue kwa mtu anayetabasamu kabla hujamsalimu. Gunia la vitunguu usilitazame juu. Lilaze ubavu, ulinuse chini, huko ndiko wanakoishi waliooza. Nyanya chukua zenye ukijani kidogo, joto la huku litazimalizia njiani. Ukishataja bei yako, nyamaza. Vijana wengi mnashindwa hapo: kimya kikizidi kidogo mnaanza kumhurumia mwenye mali. Na muuzaji akikwambia akhir kalam, kwamba hiyo ndiyo kauli yake ya mwisho, jua mmefika katikati.

Makosa pia nilifanya. Mwezi wangu wa kwanza nilinunua pilipili nikiamini ni zile za mboga, kubwa na pole. Hazikuwa pole. Kambi ilikunywa maji ya siku mbili kwa mlo mmoja, na mpishi mkuu hakunisalimia mpaka mwezi ulipoandama.

Lakini aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa soko. Alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa makamo, mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Jina lake Verna. Kampuni ilimleta akague maslahi ya wafanyakazi: vyumba, maji, chakula. Wakaguzi tulikuwa tumewazoea. Mkaguzi huja saa nne asubuhi, hupewa juisi, huonyeshwa choo kimoja kilichosuguliwa kwa ajili yake, akaenda zake. Huyu aliikataa juisi akauliza vile vyoo vingine viko wapi.

Aliingia stoo kwangu, akatazama rafu, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuvuta maneno, "Ukipewa ruhusa ya kuondoa kitu kimoja humu ndani, utaondoa nini?"

"Wakaguzi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika gunia la mchele asianguke. Basi gunia lile likawa kiti chake. Kila Jumatatu alikuja na vikombe viwili vya chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, changu na chake, na sikumwona hata mara moja akisahau kipi kina sukari.

Mbele ya gunia lile ndipo niliposoma mimi. Mama Verna alizaliwa kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya pamba, mama yake akifua nguo za watu. Alipokuwa na miaka mitano, miaka ya sitini ile, nchi yao ilikuwa na rais aliyewahi kuwa mwalimu wa watoto maskini. Rais huyo alisimama akatangaza vita, na adui akamtaja kuwa ni umaskini. Mimi nilidhani ni maneno ya kampeni. Lakini zikaja sheria kweli: bima ya matibabu ya wazee na ya wasio na uwezo, kuponi za chakula, mawakili wa kuwatetea wasio na kitu, na shule za chekechea za watoto maskini, mtoto apate uji na kupimwa meno kabla hajafundishwa herufi. Verna alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la watoto wa chekechea ya mtaa wao, ndani ya kanisa, na mpishi wa pale alikuwa mama yake mzazi, ameliacha beseni la kufulia.

"Na kulikuwa na jambo jingine," aliniambia. "Sheria ilisema wale maskini wenyewe wakae kwenye kamati. Si kuja kushukuru. Kukaa, na kuamua."

Kwetu tunasema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Rais yule alijaribu kuitia methali hiyo kwenye sheria ya nchi. Nikamwambia hivyo Mama Verna, naye akaiandika kwenye kijitabu chake, na kunguni akawachora.

Wakubwa wa miji hawakupenda. Fedha za serikali zilikuwa zinapita mbele ya milango yao zikienda kwa kamati za mama wafua nguo. Wengine walipinga waziwazi. Wengine walikuwa wajanja zaidi, walichagua wao maskini wa kukaa kamatini: maskini wenye adabu, wanaoitikia. Halafu ikaja ile vita nyingine, ya bunduki, huko Vietnamu, ikala fedha na uvumilivu.

Mimi ni mtu wa biashara, nikauliza la biashara. "Sasa rais wenu alishinda, au hakushinda?"

Mama Verna alikuwa anajua maneno kama kumi ya Kiswahili, aliyookota kwa walinzi, na moja alilipenda kuliko yote. Akalitumia.

"Bado," akasema.

Sasa nifike kwa Barasa.

Barasa alikuwa mlinzi, kijana wa Bungoma, bonge la mtu, sauti ya besi kwenye kwaya ya kambini. Alilinda geti la tisa kwenye eneo la ujenzi kule Lusail. Siku moja mchana alikutwa chini, kando ya kibanda cha geti. Supavaiza wake akaandika: amelala kazini. Barasa akasema hakulala, alisikia kizunguzungu, dunia ikazunguka. Kikao cha nidhamu kikapangwa Alhamisi. Kosa hilo likithibitika mkataba unavunjwa, anapandishwa ndege, na mdogo wake Nafula, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, anarudi nyumbani kwa sababu aliyekuwa anamsomesha ni huyo huyo.

Ofisi ikatafuta ushahidi, ikaupata kwangu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila alfajiri jiko lilijaza mikebe ya bati yenye mifuniko, kila mmoja na namba ya mlinzi, lori likaipeleka Lusail. Jioni ikarudi. Niliihesabu ikitoka na kuihesabu ikirudi, mara mbili mbili, na kila mmoja niliufungua nione kama mtu amekula. Zamani mingi ilikuwa inarudi na wali. Iliniuma, kwa sababu wali ule niliubishania mimi. Nikapendekeza kanuni: anayerudisha chakula jina lake liandikwe, na likiandikwa mara tatu apewe onyo. Bwana Mathai, bosi wa kambi, Mhindi wa Kerala mwenye moyo mwema na woga wa karatasi, akaisaini. Wiki ile ile mikebe yote ikaanza kurudi mitupu. Nilijiona nimeponya wagonjwa.

Basi ofisi ikalisoma daftari langu: mkebe wa Barasa umerudi mtupu kila siku, na siku aliyoanguka pia. Mtu aliyekula haanguki kwa njaa. Kwa hiyo alilala. Na chini ya kila ukurasa, saini yangu mimi, Hamisi.

Nilimsimulia Mama Verna habari hiyo Jumatatu, nasikitika kidogo, najivunia kidogo. Hakucheka. Akauliza, "Ulishawahi kuwaona wakila?"

"Nimeiona mikebe."

"Nipeleke geti la tisa."

Tulipanda lori la chakula alfajiri ya Jumanne. Hapo getini alikuwepo Okello, Mganda mwembamba aliyeshika nafasi ya Barasa, na walikuwepo paka. Doha ina paka wengi, mnawajua, wembamba wenye macho ya kudai. Wale hawakuwa wembamba. Nikawahesabu, saba. Nikarudia, saba. Mmoja alikuwa na tumbo la mwenye nyumba za kupangisha.

Mama Verna akavaa miwani. "Hamisi, hawa wana mkataba na nani?"

Nikawahesabu mara ya tatu. Akamgeukia Okello, akamuuliza chakula kikoje.

"Chakula ni kizuri, madamu," akasema Okello, anatazama barabara.

Njiani kurudi Mama Verna alinisimulia kisa cha mkate. Mwanzoni mwa ile chekechea yao alikuja afisa kutoka mjini, akawauliza watoto kama wanashiba. Wakajibu ndiyo, kwa pamoja. Akaandika: wanashiba. Mama yake Verna alicheka peke yake jikoni, kwa sababu yeye ndiye aliyezifua aproni za watoto, na kila mfuko ulikuwa na kipande cha mkate kinachopelekwa kwa mdogo nyumbani. Akaenda kwenye kamati akadai mkate wa ziada. Afisa akasema watoto wanaiba. Kamati ikapiga kura, ukaitwa mkate wa mfukoni, na ukapikwa kila siku.

"Afisa hakudanganya," akasema Mama Verna. "Aliuliza swali lenye jibu moja tu salama."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikamwambia tuitishe kamati siku ile ile, nitawaandaa watu mimi. Nikapanga viti saba kwenye chumba cha televisheni. Nikawaita supavaiza wawili, mpishi mkuu, dereva wa lori, wasimamizi wawili wa mabweni, na kinyozi wa kambi, kwa kuwa kinyozi husikia yote. Watu wa maana, wanaojua kusema. Mama Verna akaingia, akasalimia, akauliza jambo moja.

"Nani hapa amekula kwenye mkebe leo?"

Supavaiza wakatazamana. Mpishi akasema yeye hujipikia. Dereva hula kwa mkewe. Wasimamizi wana jiko lao dogo. Kinyozi akakohoa, akasema, "Mimi shemeji yangu huniletea samaki."

Watu saba, viti saba, na hakuna hata mlaji mmoja. Mama Verna hakunigombeza. Aliniambia taratibu, "Umefanya kama wale wakubwa wa miji. Bila ubaya, lakini ndiyo hivyo." Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Kuwafanya walaji wenyewe wafungue kinywa ilikuwa kazi. Mlinzi hawezi kusema amemwaga chakula bila kujiandikisha kwenye orodha yangu. Nikaenda kwa Bwana Mathai kutafuta msamaha.

"Mwezi mzima," nikamwambia. "Mwezi mzima asiandikwe mtu kwa neno lolote kuhusu mkebe."

"Bwana Hamisi, siku moja."

Nikanyamaza. Nilihesabu vigae vya sakafu yake, mara mbili.

"Wiki," akasema.

"Mwezi ulikuwa bei ya jana. Leo nataka milele, kwa wote watakaokuja kusema."

"Na mimi napata nini?"

"Nitafanya hesabu ya stoo Ijumaa, bila kulalamika."

Alinitazama kwa mashaka kwenye hilo la kutolalamika, lakini akatoa karatasi. Nikaisoma mara mbili. Akasaini.

Jumatano alasiri wakaja walinzi saba, Barasa na Okello wakiwemo. Viti ni vile vile. Mama Verna akakaa nyuma karibu na mlango, akaniambia mimi ndiye niulize, maana daftari ni langu. Nikaisoma ile karatasi ya msamaha kwa sauti. Wamekaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Nikaona nijaribu mlango wa uani.

"Yule paka mnene wa geti la tisa," nikasema, "ana jina?"

Ile besi ya Bungoma ikatoka chini kabisa. "Anaitwa Supavaiza."

Chumba kikapasuka kwa kicheko, na kicheko kikishatoka maneno hayana mahali pa kujificha. Mikebe inashushwa alfajiri, wakaniambia, inakaa juani kibandani. Ikifika saa sita wali umeshachacha. Ukila, tumbo linaendesha. Choo kiko upande wa pili wa eneo, na mlinzi akiondoka getini bila wa kumshikia ni kosa kubwa kuliko yote.

"Mzee, na njaa unaweza kusimama," akasema Barasa. "Na tumbo la kuendesha huwezi kusimama. Sasa wewe ungechagua gani?"

"Mngeurudisha mkebe na wali wake, nione."

"Uone, ama uandike?" akadakia Okello, yule yule wa chakula ni kizuri. "Paka wametuokoa kwa lile daftari lako."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

Barasa alinitazama bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Wewe uliuliza mikebe, mzee. Sisi hukutuuliza."

Wanangu, nimedhulumiwa sokoni na watu wa mataifa mengi, na hakuna bei iliyowahi kunichoma kama maneno yale.

Alhamisi nikaenda kwenye kikao. Walikuwepo Bwana Mathai, mtu wa ofisi mwenye faili, supavaiza, na Barasa amesimama amevaa sare iliyopigwa pasi, maana mtu akifukuzwa hutaka afukuzwe akiwa nadhifu. Mtu wa ofisi akasoma kurasa zangu moja baada ya nyingine: mkebe mtupu, mkebe mtupu, mkebe mtupu. Nikaomba kusema.

"Hesabu hiyo ni sahihi," nikasema. "Ila haithibitishi kwamba huyu alikula. Inathibitisha kwamba mkebe ulikuwa mtupu. Chakula kilikwenda kwa paka, na aliyewafanya watu wafiche ni mimi, kwa kanuni yangu."

Mtu wa ofisi akakunja uso. "Unatuambia tusiliamini daftari lako?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. Mtu mwingine ana shamba, mwingine ana cheo. Mimi nilikuwa na daftari ambalo hakuna aliyewahi kulikosoa. Nikamtazama Barasa, nikawaza juu ya yule Nafula ambaye sijawahi kumwona, amebeba sanduku akitoka chuoni kwa sababu ya saini yangu.

"Msiliamini," nikasema. "Kwenye jambo hili msiliamini."

Bwana Mathai akaliona pengo kwenye faili, na kasoro ya karatasi huwa inampa ushujaa. Akasema mtu aliyeanguka alipaswa kupelekwa zahanati kabla ya kupelekwa kikaoni. Akapelekwa siku ile ile. Daktari akaandika maneno yake, na kwenye maneno hayo usingizi haukuwemo. Supavaiza alifuta taarifa yake, shingo upande, lakini aliifuta. Barasa akabaki.

Kamati ikabaki pia. Tulikaa kila Jumatano, walaji tupu. Mimi nilidhani watadai nyama. Jambo la kwanza waliloomba halikuwa chakula kabisa: walitaka mtu mmoja wa kuzunguka kwenye mageti, amshikie kila mlinzi dakika kumi aende chooni. Ningekaa stoo maisha yangu yote nisingeliwaza hilo. La pili, chakula kiende asubuhi iliyosogea, mikebe ikiwekwa ndani ya hotpoti kubwa zinazohifadhi joto, chapati na maharage na mayai ya kuchemsha badala ya wali. Paka wa geti la tisa walikonda, na yule Supavaiza, nasikia, alihamia geti la nne kutafuta mkataba mwingine.

Mama Verna alirudi kwao muda wake ulipokwisha. Siku ya kuondoka aliniachia ile kamba ya kiatu, amejinunulia mnyororo wa miwani. Ninayo mpaka leo. Ndiyo inayofunga madaftari yangu. Hunipigia simu Ijumaa, na mimi humuuliza lile lile: rais wenu ameshashinda? Naye hujibu lile lile. Kisha huniuliza kuhusu magoti.

Mkipewa usimamizi, na baadhi yenu mtapewa, mtaletewa orodha nzuri kama zangu. Kabla ya kusaini, nendeni mkamtafute anayekula. Mimi nilichelewa, na mtu akakaribia kuilipia saini yangu.

Nimalizie na mkebe mmoja. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya chapati. Lori lilirudi jioni, nikakaa mlangoni kama kawaida, nafungua mifuniko. Mtupu, mtupu, maganda ya mayai, mtupu. Nikafika wa Barasa. Ndani kulikuwa na robo ya chapati na maharage, vijiko kama vitatu.

Mwenyewe alikuwa nyuma ya lori, anashuka. Nikamwonyesha mkebe.

"Nini hiki?"

"Chumvi, mzee," akasema. "Leo maharage yenu yamezidi chumvi. Mwambie mpishi."

Kisha akaenda kuoga, anaimba ile besi yake.

Nikachukua kalamu, nikaandika: geti la tisa, mkebe mmoja, si mtupu, chumvi imezidi. Nikauhesabu tena, kwa raha yangu tu. Ulikuwa mmoja.